Tabaka la Tatu Nyuma ya Duka

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Shimo la ghorofa jipya nyuma ya duka langu hapa Mtaa wa Narung'ombe limefika mita sita. Vumbi limejaa kwenye mapazia yote. Nilikwenda kulalamika, nikarudi na wazo.

Shimoni nilimkuta mama mmoja wa makamo anausafisha ukuta wa udongo kwa mwiko na brashi. Nikamwamkia shikamoo. Anaitwa Dokta Jovitha, mtaalamu wa udongo. Alinieleza kwa furaha, kana kwamba siku nyingi alikuwa anangoja mtu amuulize. Ukuta una matabaka. Mchanga mweupe uliletwa na upepo, nchi ilipokuwa kavu. Udongo mwekundu ni mvua zilizorudi, majani yakaota. Yanapokezana hivyo hivyo, na la tatu kutoka juu ndilo jekundu kuliko yote. Amesema kuna nchi ambako vumbi la upepo limerundikana mpaka likawa vilima, na wataalamu wanasoma humo hali ya hewa ya miaka laki na zaidi. Yeye ana wiki moja tu. Jumatatu ijayo zege linamwagwa.

Nimeuza mapazia juu ya kitu hicho miaka kumi na tisa. Nashukuru nimekijua kabla ya Heriel, jirani yangu muuza vyombo.

Jumanne, 6 Agosti
Mpango umekamilika. Chupa za kioo, ndani yake matabaka matatu. Pambo la sebuleni. Sabaha, mke wangu, amesema hakuna mtu wa Dar atakayenunua mchanga, kila mtu anao mlangoni. Nimemwambia huu si mchanga, ni ukame. Ameniangalia kidogo, akarudi kwenye cherehani.

Heriel ameuliza chupa zote hizo za nini. Nimesema achari. Mwaka jana nilipotundika taa za rangi dukani, kesho yake naye alikuwa nazo, tena kubwa zaidi.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeomba udongo. Dokta amenipa ndoo nzima kutoka kwenye kifusi, bila kinyongo. Ila ameniomba nisiuguse ukuta, kwa sababu kila tabaka lina maana likiwa mahali pake tu. Nikamwahidi.

Udongo wa kifusi umechanganyika. Chupani unaonekana kama chai ya maziwa iliyolala. Ninaouhitaji ni ule wa tabaka la tatu, mwekundu kama damu ya mzee. Kesho Nane Nane, mafundi hawaji. Kiganja kimoja tu, nani atajua.

Alhamisi, 8 Agosti
Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilishuka saa nne asubuhi. Nilichimba chini ya tabaka la tatu, kiganja kimoja, halafu kingine. Ukuta ukaguna. Sina neno jingine. Kisha nikawa nimefukiwa hadi kifuani, mkono wa kulia ndani, na mchanga unaendelea kuteremka taratibu shingoni.

Nilipiga kelele. Mtaa mzima umefunga kwa sikukuu, isipokuwa Heriel, ambaye hafungi hata siku ya Krismasi. Siku zote nimemsema kwa uroho huo. Leo namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Alishuka ngazi na sufuria mbili mpya, bado zina karatasi ya bei.

"Unapumua, jirani?"

"Napumua. Heriel, zile chupa si za achari."

"Nyamaza. Usimalize pumzi."

Alichota mchanga kwa sufuria karibu saa nzima, huku akiomba kwa Kichaga. Sikuelewa neno, lakini nililia. Jina langu lilikuwemo.

Ijumaa, 9 Agosti
Baada ya swala nilimfuata Dokta Jovitha shimoni, kabla hajaambiwa na mtu. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta ulioporomoka. Vibandiko vyake vyote vya kuonyesha matabaka vimefukiwa. Miezi saba alihangaikia kibali cha kuuchunguza. Nikasema ni mimi.

Aliutazama mkono wangu wa kulia. Kisha akauliza, "Umeumia?"

Kati ya maswali yote, akachagua hilo. Afadhali angenitukana.

Akaniambia ukuta wa upande wa pili huenda una matabaka yale yale, ila lazima ukingwe kwa mbao kwanza, na yeye peke yake hataweza kumaliza kabla ya zege. "Njoo kesho alfajiri," akasema. "Na uje na mtu mwenye akili kukuzidi."

Nimemwomba Heriel. Amekubali.

Jumamosi, 10 Agosti
Mafundi walikinga ukuta. Tukakwangua tangu saa kumi na mbili. Tabaka la tatu likatokea, jekundu vilevile. Dokta akaligusa kwa vidole viwili, kama unavyopima homa ya mtoto.

Anapigilia mabomba ukutani, anayatoa yamejaa mchanga. Mchanga huo hautakiwi kuona mwanga, maana maabara inapima ni lini uliona jua mara ya mwisho. Mifuko yake myeusi ya kuyafungia mabomba ilifukiwa na ukuta niliouporomosha. Nikakimbia dukani, nikaleta mapazia mazito ya hoteli, yale yasiyopitisha mwanga. Tukashona vifuko, mimi kwa mkono mmoja, Sabaha kwa cherehani. Mabomba kumi na manne. Dokta amesema yamefungwa vizuri kuliko yote aliyowahi kuyapeleka maabara.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipofaa kwa jambo.

Jumatatu, 12 Agosti
Zege limemwagwa. Ukuta umepotea. Mabomba yako salama. Dokta Jovitha alipita kutuaga, akamwambia Heriel asante, akamwambia Sabaha asante, akanishika mkono ule mzima. Tulibaki tunatazama zege likikauka. Nimeshukuru kwa kila kitu. Nimemwambia Heriel mbele ya watu kwamba sitagusa tena cha mtu bila ruhusa. Amenikumbatia.

Jumanne, 13 Agosti
Sijalala kwa kufikiri. Wote wanahangaika na vumbi la zamani. Nani anaweka akiba ya vumbi la sasa? Nimeanza tabaka. Yanatakiwa masinia mapana juu ya bati la duka, vumbi litue humo, na yasifagiliwe.

Heriel amesafiri kwenda Moshi, ameniachia funguo za duka. Nimechukua masinia kumi na mawili. Akirudi nitamweleza. Naamini atafurahi.