Baharia Aliyetia Nanga Matisi

Idara ya Pwani na Ugunduzi, yenye makao yake makuu mjini Kitale, ilitangaza Jumatatu asubuhi kwamba bahari imepatikana. Haikuwa imeonekana bado, lakini ilikuwa imepatikana kiserikali, na tofauti baina ya hayo mawili ndiyo kazi ya Idara. Aliyesoma tangazo alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Jotham Makokha, mzaliwa wa Lugulu, ambaye bahari ya kawaida aliwahi kuiona mara moja tu, kwenye semina ya Mombasa, akaogopa kuingia.

Wenye midomo yao waliuliza Kitale inataka Idara ya Pwani ya nini, ilhali kutoka hapo hadi maji ya chumvi ni safari ya kumchosha hata dereva. Bwana Makokha alikuwa na jibu. Watu wa pwani, alisema, bahari wanayo tayari. Wanaohitaji idara ni wale wasiokuwa nayo. Hoja hiyo ilipita kikaoni bila kupingwa, kwa kuwa wakati huo huo chai ilikuwa inaletwa.

Ugunduzi wenyewe ulimhusu Nahodha Baltasar Pimenta, Mreno aliyepita na merikebu yake karne nyingi zilizopita, akachora kila ghuba na kila mwamba wa pwani asiyoijua mtu. Wakazi wa pwani hiyo waliijua, lakini hawakuwa wameulizwa. Ramani ya Pimenta ilijaa majina ukingoni mwa maji, na huku bara hakuandika kitu, peupe tupu. Wataalamu wa kwingine waliamini hakuandika kwa sababu hakufika. Bwana Makokha alijifungia ofisini na nakala ya ramani hiyo, akatoka jioni na matokeo. Mtu makini kiasi kile, alisema, haachi mahali wazi hivi hivi. Alipaacha wazi kwa sababu alipajua mno na akaona wivu. Kisha akaweka kidole katikati ya ule weupe, na kidole kikatua Kitale, mtaa wa Matisi, kwenye kona ya Phelista Nabwile.

Phelista alikuwa mjane mwenye nyumba ya mabati, migomba michache uani, na kibanda cha chai na mandazi mbele ya barabara. Nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, humo akalea watoto, na pengine pa kwenda hakuwa napo. Nyuma yake ilisimama Ufuoni Gesti Hausi, jengo la ghorofa la Bwana Makokha, lililokuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kutokea barabarani. Wageni walilifikia kwa kuruka mfereji huku mizigo wameibeba kichwani. Bwana Makokha alikuwa amembembeleza Phelista amuuzie kona, Phelista akakataa kwa adabu. Sasa ikabainika kwamba merikebu ya Pimenta ilitia nanga palepale. Historia haina mapendeleo, na kuhusu suala la maji, ripoti ilisema ni la kiufundi na litashughulikiwa katika awamu ya pili.

Afisa wa utekelezaji, msichana mtiifu aitwaye Jelagat, alitumwa na mkebe wa rangi nyekundu. Alipiga alama ya X kwenye ukuta wa Phelista, kubwa, inayochuruzika, maana yake ubomoe kabla hatujakubomolea. Phelista akampa chai, kwa sababu huwapa wote. Jelagat alipokwisha kuondoka, mama huyo alikaa chini ya ile X akashindwa hata kukanda unga.

Hapo pasingetokea hadithi kama si watu wa Bungoma. Nao waliunda idara yao, wakadai kwamba kabla ya kufika Matisi, Pimenta alipitia kwao akaosha miguu. Bwana Makokha aliona hii ni njama. Akaandika Kanuni ya Sita kwa mkono wake: baharia mmoja, kituo kimoja. Ukizuka ubishi, kaburi litashinda nyayo, na ploti yenye kaburi itatwaliwa na umma pamoja na majengo yake yote. Hilo la kaburi aliliongeza kama chumvi tu, akijua Bungoma hawana.

Kisha, ili kuwamaliza kabisa, aliitisha baraza pale Matisi, redio ikirusha moja kwa moja. Alikuwa na sababu ya kutaka kusikika. Nairobi walikuwa wakitafuta mkuu wa Ufuo wa Taifa, na jina lake lilikuwa mezani. Alishika kipaza sauti, akageuza uso upande ili watu waone pua yake vizuri, akatangaza kwamba Baltasar Pimenta alioa msichana wa Kibukusu, na kwamba yeye Jotham Makokha ni mjukuu wa ndoa hiyo. Watu walipiga makofi. Pua ilikuwa pua, hakuna aliyeweza kuibisha.

Phelista akasimama. Matisi nzima ilimjua, maana hakuna matanga yaliyowahi kufana mtaani bila yeye kushika mwiko.

"Pole na babu, Mkurugenzi," alisema. "Alizikwa wapi?"

Bwana Makokha alijibu kwa fahari kwamba merikebu ilizama na shujaa hajapatikana mpaka leo. Wazee wakavua kofia. Mtu mmoja akasema "woi" kwa sauti ya chini, na redio ikaichukua.

"Basi mzee hajazikwa," alisema Phelista. "Miaka hiyo yote anatangatanga kwa maji, na mjukuu yuko hapa amefunga tai."

Ikabidi Mzee Wabwile aeleze, kwa kuwa ndiye huzungumza kwenye misiba ya Wabukusu wa pale. Mtu akipotea majini, alisema, hukatwa mgomba, ukafungwa shuka, ukaliliwa kama mtu na kuzikwa kwao. Asipozikwa hivyo, hataacha kubisha mlangoni kwa wajukuu, hasa mjukuu aliyejitaja mwenyewe.

Bwana Makokha ni mtu wa kuona mbali. Palepale aliona umati, maturubai na wageni kutoka Nairobi. Akasema mazishi yafanyike, na yafanyike kwenye kona ya Phelista, pale nanga ilipotua.

Mzee Wabwile alimtazama kwa huruma. "Babu yako tumzike kwa boma ya mama ya wenyewe? Kwani huyu alikuwa bibi yake?"

Baraza likaangua kicheko. Phelista hakucheka. Alisema bwana yake anamjua, alikuwa fundi wa baiskeli.

Mkurugenzi akafunga safari hadi Lugulu, nyumbani kwa marehemu baba yake, kuomba nafasi ya kaburi. Kaka zake walisema shamba limejaa, ingawa ng'ombe watatu walikuwa wanalala kwenye uwazi wenyewe. Mama yake, Nasike, alikuwa anapeta maharagwe na hakuinua uso.

"Mimi nilikuzaa na baba yako," alisema, "na baba yako hata mto alikuwa anavuka akishikwa mkono. Kama umepata ukoo mpya, mzike kwako."

Njia nzima ya kurudi Kitale, Bwana Makokha alipima mambo. Akimkana babu, redio itamsikia na Nairobi itamsahau. Na ardhi yenye jina lake ilikuwa moja tu duniani, ploti ya Ufuoni. Alijiambia kwamba mgomba ni mgomba, utaoza kabla ya mvua kwisha, na kwamba kiongozi shupavu haogopi mboga. Ndivyo viongozi hujiambia.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mgomba ulikatwa uani kwa Phelista, akautoa bure. Ulivikwa shuka nyeupe ya gesti, mchungaji akaombea wote wasafirio majini, na mpishi wa matanga alikuwa, bila shaka, Phelista. Yeye ndiye aliyelia kuliko wote. Alilia kweli, maana nyumbani alikuwa na ukuta wenye X, na mtu mwenye kilio chake hachagui msiba. Bwana Makokha alinyolewa kipara kama inavyompasa mfiwa mkuu. Kaburi lilichimbwa mbele ya mlango wa Ufuoni, kwa sababu kwingine kote alikuwa amepiga saruji.

Asubuhi yake Jelagat alifika na mkebe wa rangi nyekundu na mwingine wa nyeupe. Alianza kwa Phelista, akaifuta ile X mpaka ukuta ukawa msafi kuliko ulivyokuwa tangu ujengwe. Kisha akaruka mfereji na kuanza kupiga X kwenye ukuta wa Ufuoni, kutoka dirisha la chini hadi karibu na la juu.

"Jelagat, unafanya nini?"

"Kanuni ya Sita, mkubwa. Kaburi linashinda nyayo."

"Lakini hilo ni gogo la mgomba."

Jelagat alisimamisha brashi hewani. "Mkubwa, si ulisema kwa redio ni babu? Niandike gani, babu ama mgomba?"

Bwana Makokha alisema anaweza kulifukua. Mzee Wabwile, aliyekuwa amebaki na wazee wenzake kumalizia chai ya matanga, aliweka kikombe chini. "Fukua," alisema tu, na wote wakasogeza viti ili waone vizuri. Hakuna aliyefukua.

Saa nne simu ililia kutoka Nairobi. Walimpongeza kwa kuwa Mkurugenzi wa kwanza nchini kutoa mali yake kwa ajili ya urithi. Kwa kuwa mfano wake ni wa kuigwa, wamempa kazi ya kudumu: msimamizi wa kaburi, palepale Matisi. Ile nafasi nyingine alikuwa amepewa Mkurugenzi wa Bungoma.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaburi, kipara kinawaka jua, asiruhusiwe kuondoka mpaka siku za msiba ziishe. Wageni wa Ufuoni walimpita na mizigo kichwani, kila mmoja akimwambia pole. Baadaye Phelista alikuja na kikombe cha chai na andazi la moto, akavitua mbele yake.

"Kunywa, Mkurugenzi," alisema. "Na ukianza kutoa vitanda, usiruke navyo mfereji, vitavunjika. Pitishia tu kwangu."