Banda la Mkurugenzi na Matrekta Mawili

Keza, Jumatatu, 10 Novemba 2025

Miaka hamsini na mitatu na miezi sita tangu nivuke mpaka kwa miguu kukimbilia Tanzania, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, shati moja na kitabu cha fizikia cha shule. Shati lilikwisha zamani. Kitabu ninacho. Sura ya nyenzo ipo kamili. Sura ya msuguano ililiwa na mchwa mwaka 1981, nami sijawahi kuihitaji.

Mvua, siku ya tisa. Banda la nguruwe liko bondeni. Nililiweka huko mwenyewe ili maji yafike bila kubebwa. Yamefika. Matope ni ya magotini.

Josefina, mke wangu, ana nguruwe jike aitwaye Mkurugenzi, kwa sababu haamki kabla ya saa tatu. Nimehesabu tangu apandwe: miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu. Atazaa Jumamosi. Mwaka jana alizaa watoto tisa humo humo, na wote tisa wakafia topeni siku hiyo hiyo. Wakati ule Josefina hakusema neno. Amelisema leo, akisugua sufuria: safari hii akifa hata mmoja, anamuuza Mkurugenzi, anahamia kwa binti yetu, na mimi nitajipikia.

Anashauri tumlete nguruwe uani, palipoinuka. Nimemweleza kuwa huko ni kukimbia tatizo. Nimekwisha kukimbia mara moja maishani, inatosha. Nitaondoa matope kwa mashine.

Mdogo wangu Nyandwi amepiga simu kutoka nyumbani Burundi, kama kila Jumatatu. Anasema sehemu yangu ya shamba ipo, hajaigusa, iko juu kilimani, kavu. Akauliza kwa nini nazeekea ugenini. Nimemjibu nitarudi nikishamaliza jambo la banda. Akacheka. Anasema mwaka jana lilikuwa jambo la choo, na mwaka juzi la paa.

Jumanne, 11 Novemba

Pawatila ya kikundi chetu cha wakulima, niliyoiita, imefika: lile trekta dogo la magurudumu mawili linaloshikwa usukani kama baiskeli. Dereva wake, Leonidas, aliniamkia shikamoo, akatazama bonde, akatoa simu na kulipiga picha. Ushahidi, alisema. Alikataa kushuka na trela lililofungwa nyuma yake, akalifungua na kuliacha uani. Nikamwambia haidhuru, trela si la muhimu.

Pawatila iliingia vizuri. Iliingia tu. Mita nne, kisha ikaketi. Magurudumu yanazunguka, tope linaruka, mashine haiendi popote ila chini. Leonidas aliuliza kama mzee ana mpango wa pili.

Ninao!

Jirani yangu Anatoli aliona kabla ya wote. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani Rusumo kwa miaka ishirini, na mpaka leo akija kwa mtu hutazama kama anayekagua shehena. Nguruwe wake wanakaa kwenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na hakuna mkutano wa jumuiya ambao hajaitaja. Aliuliza kwa upole kama nimeanza kulima mpunga. Nilijifanya sikusikia. Pawatila ilikuwa inaunguruma.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango wa pili: barabara. Nyenzo isiyo na mahali pa kuegemea si kitu (ukurasa wa 41). Nimekata migomba iliyokwisha kuzaa, mingi, tukaipasua na kuilaza mmoja mmoja kutoka uani hadi kwenye pawatila. Kazi ya kutwa. Leonidas anasema ni nzuri kuliko ya kwenda kijijini kwao.

Josefina alikuja kuitazama. Akauliza nguruwe wetu wengine sita wamefungiwa wapi. Nikamwambia wamefungiwa imara. Akauliza wamekula nini leo. Nikamwambia watakula kesho, leo sote tuko barabarani. Akarudi jikoni.

Alhamisi, 13 Novemba

Nguruwe wamekula barabara.

Yote. Mita ishirini na mbili. Nimewalisha migomba kila siku kwa miaka kumi na minne, nikiwakatia kwa mikono yangu. Habari hiyo nilikuwa nayo. Sikuitumia.

Saa moja na nusu Anatoli alikuwa tayari uzioni. Alitaka kujua kama barabara ile ilikuwa mzigo wa kupita tu au wa matumizi ya ndani. Leonidas alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka haraka, maana alikaa topeni.

Mkurugenzi peke yake hakula. Josefina anasema ni dalili. Nimesema bado siku mbili, hesabu ni hesabu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemeza kiburi. Anatoli ana trekta dogo jekundu la magurudumu manne. Nimekwenda kumwomba aivute pawatila. Nilichukua kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu mtu haombi jambo kama hilo mikono mitupu. Akanikalisha. Akanisimulia sakafu yake ya mbao upya, hadi misumari. Akauliza fizikia nilisoma shule gani. Nikanywa. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba Jumapili nitasimama mbele ya jumuiya na kusema ni yeye aliyeitoa.

Kamba ilikuwa nzuri. Buti za Anatoli zilikuwa mpya. "Tazama sasa, Mzee Matiasi," akasema, "kazi ya mtu aliyejipanga." Akarudi nyuma kidogo ili kamba ilegee. Akarudi kidogo zaidi. Saa nane na dakika kumi trekta jekundu lilikuwa limeketi kando ya pawatila, kama bwana na bibi harusi mbele ya padri.

Sikufurahi. Naandika hapa kwamba sikufurahi. Nilikwenda nyuma ya banda kutofurahi peke yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Tangu asubuhi: watu watatu, kamba mbili, magogo matatu ya mkaratusi ya kubinulia. Mimi nilikuwa natoa amri. Gogo moja lilivunjika. Tope lilimeza buti moja la Anatoli na halikulirudisha.

Kazi yote ile sikio langu lilikuwa bandani. Hesabu ilisema leo. Kimya. Nikaingia. Mlango wazi, Mkurugenzi hayumo.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Nikainama, nikapapasa tope lote kwa mikono, kona hadi kona, natafuta nguruwe wa kilo mia na arobaini kama mtu aliyeangusha sindano. Nilimwita kwa cheo chake. Anatoli akaingia na buti lake moja, akapapasa upande wa pili. Wala hakutaja mbao.

Tukapanda uani kumwambia Josefina.

Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anatazama trela. Alikuwa ameushusha ubao wa nyuma wa trela, akaegesha mlango wa jiko uwe ngazi, akatandika nyasi kavu, akafunika turubai. Mkurugenzi alipanda mwenyewe, akifuata beseni la machicha ya pombe, na kabla ya saa tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Watoto kumi na mmoja. Wote wananyonya. Wote wakavu.

Nilifungua kinywa. "Mzee," Josefina akasema, "nawa mikono."

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua, siku ya kumi na sita. Matrekta bado yako bondeni. Jana mbele ya jumuiya sikusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu 2016 Anatoli hakutaja sakafu. Alikuja na kandambili.

Nimetafakari. Watoto wamezaliwa ndani ya trela. Trela lililetwa na pawatila. Pawatila niliiita mimi. Kwa hiyo mashine zimefaulu, na kosa lilikuwa idadi. Kuna mtu Nyamiaga ana trekta la tatu, la minyororo kwenye magurudumu. Kesho nakwenda. Barabara safari hii nitaitandika kwa majani ya viazi vitamu, ni mengi na yanashikana. Josefina amenikumbusha ni nani huyala. Nimemwambia watafungiwa imara.

Nyandwi amepiga. Nimemweleza yote. Akasema kwa Kirundi, taratibu, kama alivyokuwa akisema mama, kwamba kule kilimani mvua ikinyesha maji hushuka yenyewe, na tope hulioni hata ukilitafuta. Akauliza nakuja lini.

Niliukumbuka udongo ule, mwekundu. Asubuhi niliyoondoka ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tayari ulikuwa umekauka chini ya miguu yangu.

Nimemjibu ukweli, kwa mara ya kwanza. Mahali pakavu trekta halina kazi. Sirudi.