Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Soksi zimelowa kabla hata sijafungua mlango wa maktaba.

Mkurugenzi Kuo ametukusanya wafanyakazi wote, yaani mimi na Teng Pi-yun wa kitengo cha watoto. Ametuletea mwalimu kutoka mjini, Bi. Fang, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto aliyekataa uji. Atatufundisha mambo mapya ya mtandao: blogu, maoni, kupakia picha. Nikauliza kadi za karatasi zimemkosea nani.

Halafu msiba! Kona ya dirishani itabadilishwa. Mkurugenzi anasema meza ya magazeti imechakaa na wasomaji wake wamebaki wa kuhesabika. Kila mmoja wetu afungue blogu, aeleze anataka nini pale. Jumapili jioni, mwenye blogu iliyotembelewa zaidi ndiye atakayeamua. Eti ndiyo kujifunza kwa vitendo. Pi-yun anataka mkeka wa watoto. Ameshachagua na rangi!

Ile ni meza ya Hsiu-luan. Kila siku saa kumi mke wangu alikuja kukaa pale anisubiri nitoke, akisoma hali ya hewa ya miji ambamo hatuna ndugu. Alimenya balungi kwa siri, maganda akayafunga kwenye ukurasa wa michezo. Kula ni marufuku maktabani. Miaka yote nilijifanya sioni. Mwezi ujao atatimiza mwaka tangu aondoke.

Meza haing'oki. Nimeapa. Tatizo ni moja tu: sijui blogu inafunguliwa upande gani.

Jumatano, 6 Novemba

Blogu imefunguka! Imemeza asubuhi yote na kipande cha chakula cha mchana. Neno la siri nililisahau mara tatu. Mwalimu Fang akanishauri nichague kitu nisichoweza kusahau. Nikaweka jina la marehemu. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba sikupaswa kulitamka kwa sauti.

Kompyuta yangu inaganda kila nikipumua. Mwalimu akaiona pakiti ya vitafunio vya mahindi niliyoiweka juu yake, akashika kifua. Hapa kwetu hakuna mashine isiyo na pakiti ya kijani juu yake, ili itii. Masharti hata mtoto anayajua: iwe ya kijani, isifunguliwe, isipitwe na tarehe. Yangu imepitwa. Akasema ndiyo maana, Mzee Tang, mashine imekuasi, ibadilishe leo hii. Mwanamke mwenye shahada mbili!

Nikamwambia hiyo haiguswi. Hsiu-luan ndiye aliyeinunua, akaandika juu yake kwa kalamu nene: "Mashine, tii. Tang, usile." Alinijua.

Kabla ya kufunga nikazunguka kompyuta zote za wasomaji, nikafanya blogu yangu iwe ndiyo inayofunguka kwanza. Atakayeiwasha ni mgeni wangu, apende asipende. Akili kama hii, na bado sijawahi kupandishwa cheo!

Alhamisi, 7 Novemba

Babu Su alitaka kuangalia saa za treni. Akaona uso wangu umejaa kioo chote. Akapiga kelele kwamba mashine imeugua.

Nilivumilia. Saa nne nikafungua hesabu ya wageni. Mgeni mmoja! Mwalimu akaeleza kwamba kompyuta za maktaba yenyewe hazihesabiwi. Nikauliza, sasa huyu mmoja ni nani? Pi-yun akanyoosha simu yake juu. Akasema, "Kaka Tang, mgeni wako ni mimi peke yangu, na hata chai hujanikaribisha."

Sawa. Amelikoroga, atalinywa.

Nikaenda duka la karibu na hekalu nikanunua pakiti ya njano. Kijani hutuliza mashine. Njano ni ya kuvuta riziki, ukiiweka juu ya kompyuta unaitafutia wazimu. Saa yetu wafanyakazi ya kulala mchana ikafika, taa zikazimwa. Pi-yun alilaza kichwa kwenye ule mto wake wenye sura ya chura, akakoroma kidogo. Nikatambaa. Nikatoa ya kijani, nikaweka ya njano. Viatu vikalia kwii! Chura hakuamka, na Pi-yun pia.

Pakiti yake ya kijani ilikuwa ushahidi. Ushahidi nikaula wote, chooni. Ladha ya nazi.

Ijumaa, 8 Novemba

Janga!

Kompyuta ya Pi-yun inakimbia kama imepakwa mafuta. Mbaya zaidi, aliipiga picha ile pakiti ya njano, akaipakia kwenye blogu yake na kuandika: "Jamani, nani ananiroga?" Kaunti nzima inacheka. Watu wa mitambo wanampa pole kutoka miji nisiyoijua. Wageni wanamiminika kama mvua ya hapa kwetu Yilan. Mwalimu Fang akamsifu mbele yangu, akasema huo ndio mfano wa kuandika kitu kinachowagusa watu.

Na riziki imevutwa, bila shaka. Na mimi ndiye niliyemwekea!

Pi-yun alikuja mezani kwangu, akalitazama sweta langu, lile lile la jana. Akaokota chembe ya vitafunio vya mahindi begani. Akasema, "Pole kaka, theluji imekuangukia." Akaenda zake. Mwanamke hatari sana huyu.

Mkurugenzi alipita na utepe wa kupimia. Akapima pale dirishani. Nilisimama mbele ya meza nikijifanya natafuta gazeti la jana. Akanipima na mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo, kupakia picha. Nimelala nikiota ushindi, nimeamka nao.

Wazee wa mji huu hawana uwezo wa kupita picha ya yungiyungi yenye salamu za asubuhi bila kuibofya. Nami ninazo hazina! Hsiu-luan alinitumia moja kila asubuhi, yeye yupo jikoni, mimi nipo chumbani. Niliweza kumsikia akibofya. Chini ya kila ua aliandika maneno yake.

Mpango: nichague yungiyungi moja zuri, nifute maneno, niwatumie wanachama wote wa maktaba pamoja na njia ya kufikia blogu yangu. Kabla ya jioni Pi-yun atabaki na chura wake.

Nilichagua. Nikabofya. Kompyuta ikauliza: hii, au zote? Mvuke wa chai ulikuwa umetanda kwenye miwani. Zote.

Zote!

Simu zikaanza kulia. Ya Babu Su mezani. Ya kinyozi ng'ambo ya barabara. Ya mlinzi wa hekalu. Mji mzima unasoma: "Tang, vaa soksi, sakafu ni baridi." "Tang, dawa ya presha ipo karibu na birika, usijifanye huioni." "Tang, yai lako nimekula mimi. Usinune."

Nikabofya kusimamisha. Kompyuta imeganda. Pi-yun akapiga kelele, kaka, ibadilishe hiyo pakiti! Alinyoosha mkono aitoe. Nikaikumbatia mashine nzima na pakiti yake juu. Kisha nikakimbia kuzima umeme wa jengo lote. Giza. Na katika giza simu zinaendelea kulia. Picha zilikwisha kwenda zamani.

Mkurugenzi Kuo hakunitazama. Alikuwa anaisoma simu yake.

Jumapili, 10 Novemba

Nilifika mapema kujiuzulu. Nilivaa tai.

Mlangoni nikakuta watu. Babu Su alikunja suruali mbele ya kila mtu, akanionyesha soksi. Mama wa duka la tambi akasema mumewe amemeza dawa ya presha bila kugombezwa, mara ya kwanza tangu waoane. Akauliza, huyo dada alikuwa anakaa wapi? Nikaonyesha ile meza.

Wakakaa. Waliokosa viti wakasimama. Mtu akatoa balungi, akaanza kumenya, harufu ikapanda hadi kwenye rafu za juu. Mkurugenzi akaona maganda. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nikanyoosha ukurasa wa michezo, wakayaweka humo.

Jioni, matokeo. Nilikaa mbele kabisa, tai yangu tayari kwa picha.

Pi-yun ameshinda! Tena kwa mbali! Mwalimu Fang akaniuliza kwa upole kama nilikumbuka kuweka njia ya kufikia blogu kwenye zile picha. Sikukumbuka. Mji mzima umesoma barua za mke wangu na hakuna hata mmoja aliyeifikia blogu yangu. Mgeni ni yule yule mmoja.

Basi. Nikaenda kuipangusa meza kwa mara ya mwisho. Nyuma yangu nikamsikia Pi-yun akimwambia Mkurugenzi kwamba mshindi ndiye anayeamua, si ndivyo? Basi meza ibaki ilipo, na mkeka utandikwe chini yake. Watoto hupenda chini ya meza kuliko juu ya kiti. Akasema wanawe wote wawili walijifunza kusoma pale chini, shemeji yake, Hsiu-luan wangu, akiwapitishia vipande vya balungi.

Kisha akanigeukia. "Ulidhani ni wewe peke yako uliyejifanya huoni maganda, kaka?"

Nikasema kuna vumbi kwenye magazeti. Akasema lipo, tena jingi.

Jumanne, 12 Novemba

Mkeka umetandikwa. Rangi yake si mbaya, ingawa sitamwambia.

Juu ya kompyuta yangu nimekuta pakiti mpya ya kijani, imeegemezwa kwenye ile ya Hsiu-luan. Mwandiko wa Pi-yun: "Mashine, tii. Kaka Tang, usile." Nikakaa kuitazama mpaka Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Leo saa sita nimeiambia picha ya Hsiu-luan iliyo kwenye pochi yangu kwamba hila sasa basi. Mtu mzima huwa na kikomo.

Saa kumi. Saa yake. Mvua dirishani, mtoto mmoja amelala chini ya meza, Babu Su anasoma hali ya hewa. Nikasikia njaa ya ghafla.

Nazi tena.

Kompyuta ikaganda hapo hapo, katikati ya mtihani wa mwisho wa Mwalimu Fang. Kosa ni la Pi-yun. Angeandika kwa herufi kubwa zaidi. Sasa yeye ana pakiti mpya ya kijani mezani kwake, nzima, na mimi nimebaki na iliyopitwa na tarehe tu. Hiyo ni haki?

Nimepitia lile duka la karibu na hekalu. Njano zimebaki tele. Kesho, taa zikizimwa mchana, sitavaa viatu. Nitavaa soksi. Sakafu ni baridi, na soksi hazina kelele.