Wasifu wa Opiyo, Mtoto wa Pekee

Jumanne, 10 Juni 2025

Opiyo amefariki. Mapafu. Miaka yote hii hapa kambini nyumba zetu zimeshikana: yake, ya pacha wake Odongo, kisha yangu. Nimelia kabisa. Halafu nikamfikiria Gekara.

Katika kambi hii ya wachuna chai, mtu akifa wasifu wake huandikwa na mimi, Obure. Ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo tangu kampuni ilete mizani inayojiandikia yenyewe, nikaambiwa karani hahitajiki tena. Sasa mwezi jana Gekara, mzee wa kanisa, akaandika wasifu na kuusoma. Watu wakazirai! Kwangu hajawahi kuzirai mtu.

Odongo amekuja jioni. Ameniomba nikae naye anieleze habari za ndugu yake tangu utotoni. Hata ameniwekea kiti mlangoni pake. Nimemwambia asijisumbue, nina mbinu mpya. Amesimama kidogo, kisha akarudi kwake.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu yenyewe ni akili bandia. Iko kwenye simu. Nimeiandikia: Opiyo, mchuna chai, Kericho, amefariki, liza watu. Chai haijachemka, kurasa tatu tayari! Kiswahili cha kutisha. Gekara atajua hajui.

Mke wangu Nyambeki ameuliza kama nimeusoma wote. Nimemwambia nitausoma pamoja na waombolezaji, ili machozi yangu yawe mapya.

Kuta zetu ni nyembamba. Odongo anaongea peke yake huko. Nimeongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu! Aibu tupu!

Ibada ya kuaga mwili ilikuwa uwanjani, kabla ya gari kuondoka kwenda kumzika kwao Homa Bay. Nikavaa koti, nikashika simu, nikasoma kama mtangazaji. Mwanzo ulienda vizuri. Kisha wasifu ukasema marehemu aliipokea mashine ya kuchuna majani kwa mikono miwili. Watu wakaguna. Mashine hiyo ndiyo iliyomtoa kazini yeye, pacha wake, na nusu ya waliokaa pale. Ningenyamaza hapo! Lakini nilikuwa nimemwona Gekara akitabasamu. Nikaongeza kasi.

Ukurasa wa mwisho: Opiyo alizaliwa mtoto wa pekee, hakuwa na kaka wala dada.

Hata mtoto mdogo wa Kijaluo anajua hakuna Opiyo bila pacha. Opiyo ndiye anayetangulia kuzaliwa, Odongo anamfuata. Jina lenyewe linasema! Na mimi nimekaa nao miaka yote hiyo. Odongo alikuwa mbele yangu, mkono juu ya jeneza, sura ile ile ya aliyelala ndani. Akaniuliza polepole, "Kwani mimi ni nani, Obure?"

Nikatazama simu. Jibu halikuwemo.

Hakuna aliyezirai.

Jumatano, 18 Juni

Odongo amerudi kutoka mazishini. Hajanisalimia. Anafunga mizigo, kampuni inataka nyumba zote mbili.

Nyambeki ameshinda kwake leo. Anasema Odongo hakutaka kurasa zozote, alitaka mtu wa kumsikiliza. Amemweleza jinsi walivyokuwa wakichuna mstari mmoja, Opiyo akianzia juu, yeye chini, wakutane katikati wakicheka. Sikuwahi kujua. Mke wangu ameniambia niende sasa hivi, nikae, ninyamaze.

Kiti kile bado kiko mlangoni. Nimekiangalia dirishani mpaka chai yangu ikapoa. Moyo unaniuma kweli. Sina rafiki mwingine hapa, na kesho anaondoka. Lakini nitaanza na neno gani? Nikikosea tena?

Basi nimeiambia simu imwandikie barua ya kuomba msamaha. Safari hii nimeionya vikali: usimsahau pacha! Imetii. Barua tamu ajabu, mwenyewe nimetokwa na machozi. Na imemaliza vizuri: "Nisalimie sana ndugu yako Opiyo. Mwambie nitakuja kuwaona nyote wawili."

Pacha yumo! Hii simu inajifunza haraka.

Nimetuma. Nimesikia simu ya Odongo ikilia upande wa pili wa ukuta, kisha kiti cha mlangoni kikiburutwa ndani. Bila shaka imemgusa.