Mfungo wa Kupumzika

Jumatatu, 9 Juni
Shajara mpendwa, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo. Sisi maafisa wa ustawi wa jamii hapa Voi tumeambiwa tujitunze, shida za watu zisije zikatumaliza. Madam Valarie, mkubwa wetu, ametupa likizo mpaka Ijumaa. Atakayerudi amepumzika kuliko wote atapelekwa Werugha, kule milimani, wikendi nzima. Baridi, ukungu, chai ya maziwa kitandani! Nafasi ni moja. Bonface wa meza ya pili ameshaanza kufumba macho na kupumua kwa sauti. Mnafiki. Werugha ni yangu.

Jumanne, 10 Juni
Hapa kwangu Mbololo hapumziki mtu. Majirani wakiniona tu, kesi. Nimepata dawa! Nimemwambia Mama Mkamburi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, kwamba nimeingia mfungo na maombi, nisisumbuliwe. Bwana atanielewa. Mlango nimefunga, chapati nimepika, miguu juu ya stuli. Raha!

Jumatano, 11 Juni
Nilisahau watu wetu. Ukifunga, wanakuletea mahitaji uwaombee! Alfajiri wamejaa mlangoni. Katuku, mkwe wake hamsalimii. Mzee Mulei, ndovu wamemaliza mahindi na mwanawe hataki kuja kulinda shamba. Kesi zilezile za ofisini, sasa nazisikiliza nimepiga magoti. Chapati nimezifunika na leso. Mama Mkamburi akanusa, akauliza, dada, mbona mfungo wako unanukia mafuta? Nikasema ni majaribu ya shetani. Basi akahamia kwangu anisaidie kumkemea. Amelala sebuleni. Sijala kitu.

Alhamisi, 12 Juni
Bonface! Kaja mwenyewe. Eti dada Wakesho, nasikia uko kwenye maombi, niombee nipate Werugha. Akanishika mikono mbele ya akina mama wote. Ningefanyaje? Nikaomba kwa kunong'ona. Mama Mkamburi akafoka, paza sauti, unamwonea Bwana haya? Nikapaza. Nimemwombea adui mpaka jasho likanitoka. Amina zao zilitikisa mabati.

Ijumaa, 13 Juni
Bwana amejibu. Bonface anaenda Werugha. Madam Valarie aliponiona aliuliza nimefiwa na nani. Bonface naye akanishukuru mbele ya ofisi nzima, eti maombi yangu yana nguvu, nisiache. Nimelia kidogo chooni.
Lakini mwezi ujao kuna nafasi nyingine, na kosa langu nimeliona: ni kule kufunga. Safari hii nitatangaza kanisani kwamba naumwa sana, niko kitandani. Mgonjwa nani atamsumbua?
Waonaje, Shajara? Tafadhali nijibu upesi.