Bomba la Mguu wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mguu tena! Hatua mia mbili tu hadi dukani, na shavu la mguu wa kushoto likabana kama koleo. Nikasimama, nikajifanya nasoma tangazo la chumba cha kupanga. Maumivu yakapoa. Nikanunua sigara zangu.
Mke wangu akanikokota kwa daktari. Eti moshi wa sigara unakwaruza mishipa ya damu kwa ndani, mafuta yananasa hapo, yanajenga ukoko. Damu nayo inaganda upesi. Bonge likiziba mguuni, mguu kwaheri. Likiziba moyoni, mimi kwaheri. Nimeogopa, sifichi. Lakini mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na sita huu. Moshi hupanda juu. Mguu uko chini. Umefikaje huko?

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimeligundua kosa! Huwa navuta nikiwa nimelala kochini, miguu juu ya mto. Moshi unajipandia tu hadi mguuni. Kuanzia leo navuta wima.
Shemeji kapita. Naye ni fundi bomba, aliacha sigara mwaka jana na hatujapumua kwa mahubiri yake tangu hapo. Kauliza, kwa upole mno, kama bado nitaihitaji ngazi yangu. Fisi yule! Wenzake husubiri mkono udondoke, yeye anasubiri mguu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Siku mbili wima. Mguu unauma vilevile. Sielewi.
Leo nimejaribu kuzibua kwa maji moto. Nimekunywa lita tatu alfajiri. Sinki lolote lingesalimu amri. Mimi nimeshinda kwenye choo cha mteja, choo kilekile nilichoitwa kutengeneza. Mteja kachoka kugonga mlango, kamwita shemeji.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Muuguzi kanipima presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu. Ya mguuni ni ndogo mno. Nikamweleza daktari habari ya kuvuta wima. Akavua miwani. Kasema sumu ya moshi inaingia kwenye damu pale mapafuni, na damu inafika hadi kidole cha mwisho, nisimame nisisimame. Kuzibua kwa maji hakuna. Niache sigara, nimeze dawa, nitembee kila siku.
Nyumbani mke wangu kalia. Kasema hawezi kuanza ujane na huku bado hajamaliza kunizoea. Nampenda sana mwanamke huyu. Nimeitupa pakiti. Nimeapa mbele yake.

Jumatatu, tarehe 31 Machi
Wiki tatu bila moshi! Na leo nimefika dukani bila kusimama hata mara moja! Lile tangazo la chumba nimelipita kama silijui. Machozi yalinilenga. Shemeji alikuwapo, kaona kwa macho yake. Ngazi aisahau.
Basi bomba limezibuka. Na fundi anayejiheshimu hakabidhi kazi kabla ya kuijaribu. Nimenunua moja tu, ya majaribio. Nimeivuta wima.