Suruali Yangu Imetangulia Bulgaria

Leo nimeadhirika.

Sisemi nimeona haya kidogo. Nimeadhirika, tena posta, tena mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe. Sospeta, zima hiyo redio kwanza. Na ninyi wengine acheni kuitazama hii khanga niliyojifunga. Nitafika huko.

Mnajua mama mkwe wangu alifika juzi kutoka Ushirombo. Mnajua pia mambo ya ukwe yalivyo kwetu. Simtazami usoni. Simpi mkono. Nikiingia uani, yeye anaingia ndani. Akitoka, mimi nakumbuka nina kazi hapa barazani. Tangu nimuoe Mama Kulwa, mama yule hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Akitaka kitu anamwambia binti yake, "Mwambie huyo fundi." Huyo fundi! (Alitaka binti yake aolewe na mwalimu. Mwalimu akaenda kuoa Tabora. Nikabaki mimi na cherehani yangu.)

Safari hii kaja na kifurushi. Mtoto wake wa mwisho, shemeji yangu Lukas, yuko Bulgaria anasomea udaktari wa mifugo. Sasa kijana kaandika kwamba baridi inamuua, chakula cha kule hakipiti kooni, na asipopata hata kitu kimoja cha nyumbani atafunga sanduku arudi. Masomo basi. Mama wa watu hajalala tangu siku hiyo. Kakausha michembe, vile viazi vitamu vya kukata vipande, kakaanga karanga, kanunua sweta. Kesho alfajiri anarudi kwake, na gari la barua la kwenda stesheni Isaka linaondoka leo. Likiondoka bila kifurushi, basi mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo Lukas huenda yuko njiani.

Mama Kulwa ana mtoto mchanga, hawezi kwenda kupanga foleni. Akaniambia, "Baba Kulwa, utampeleka wewe. Na mama akirudi na hicho kifurushi, wewe usirudi."

Nikamjibu, "Posta naijua mimi!" (Nimewahi kutuma kifurushi kimoja maishani. Kilikwenda Nzega. Hilo sikulisema.)

Jambo moja nilikuwa nalijua kweli: vifurushi vya ng'ambo vinashonewa kitambaa. Basi jana jioni nikatoa ile marekani niliyoificha tangu duka la ushirika lilipogawa nguo, nikapiga cherehani, mshono juu ya mshono. Mama Kulwa akapokea kifuko, akampelekea mama yake ajaze, akanirudishia. Mdomo nikaumalizia kwa mkono. Nikasema kwa sauti, ili nisikike mpaka uani, "Wabulgaria watauliza nani kashona!"

Uani mlango ukafungwa.

Leo asubuhi nikavaa suruali yangu ya kijivu, ile ya marinda, niliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya ubatizo wa mtoto. Marinda mawili kila upande, kitambaa cha kumwaga, ukikaa kinajaa mapajani. Mnaijua. Haya, mliijua.

Tukaondoka. Mimi mbele, kifurushi begani. Yeye nyuma kabisa, umbali wa heshima. Ungetukuta njiani ungedhani kila mtu ana safari yake.

Posta foleni ilifika mlangoni. Zamu yangu ilipofika nikakitua kifurushi dirishani kwa kishindo.

"Bulgaria," nikasema, kama mtu anayetuma vitu huko kila Ijumaa.

Karani akakigeuza. Akaupapasa mshono kwa kidole. Nikasubiri sifa.

"Nani kashona?"

"Mimi hapa."

"Umeshona vizuri sana," akasema. "Fungua."

"Nifungue?"

"Cha ng'ambo kinakaguliwa kwanza, ndipo kinashonwa. Hukusoma tangazo?"

Tangazo liko ukutani, refu, limejaa makatazo toka juu mpaka chini. Nalipita kila ninapokuja kununua stempu. (Siku zote nilidhani ni orodha ya watu wanaodaiwa.) Karani akanipa wembe. Jamani, hakuna kazi mbaya kama kufumua mshono wako mwenyewe huku watu wanakutazama. Nilishona kwa kiburi mpaka uzi ukagoma kutoka. Ikabidi nikate na kitambaa.

Karani akachukua fomu ya forodha. "Haya, taja. Kuna nini humu?"

Hapo pana kazi. Kilichomo aliweka mama mkwe, na mama mkwe yuko nyuma yangu. Kumgeukia siwezi. Kumuuliza siwezi. Nikautazama ukuta.

"Muulize yule mama wa nyuma," nikasema.

"Mtumaji si wewe?"

"Yule ni mkwe wangu."

Bahati nzuri karani ni mtu wa huku huku. Akanyoosha shingo juu ya bega langu, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu! Humu umeweka nini?"

Basi ikawa hivyo. Wao wanaongea, mimi nimesimama katikati, maneno yananipita masikioni, nakodolea macho picha ya stempu. Michembe, sawa. Karanga, sawa. Sweta, sawa. Halafu karani akaikunjua sweta, ikatokea chupa ya samli.

"Hii haiendi. Vimiminika haviruhusiwi."

"Si kimiminika," akasema mama mkwe. "Huko si kuna barafu? Itaganda iwe kama jiwe."

"Mayu, kabla ya kufika kwenye barafu inapita Dar es Salaam."

Samli ikawekwa pembeni. Karani akaona afadhali asome tangazo zima kwa sauti, tumalize ubishi: vimiminika, vinavyowaka, vinavyolipuka, vinavyooza, wanyama hai.

"Na waliokufa?" akauliza mzee mmoja wa kofia ya pama, wa pili kwenye foleni. Huyu mzee mkumbukeni.

"Wamo kwenye vinavyooza," karani akajibu bila kuinua uso. "Na dhahabu."

Na aliposema dhahabu, mkono wake ulikuwa ndani ya soksi ya Lukas. Ukasimama. Akaitoa soksi. Ndani kuna kitu kigumu, kizito, kimefungwa kitambaa juu ya kitambaa.

Foleni nzima ikasogea mbele. Mnajua tunakoishi, karibu na machimbo. Mtu akibeba kitu kigumu kilichofungwa vitambaa, hakuna anayedhani ni andazi. Nikajiona nimekaa rumande, Mama Kulwa ananiletea uji.

Karani akafungua kitambaa cha kwanza. Cha pili. Jiwe. Akalipeleka kwenye mwanga, akalikwaruza kwa ufunguo, akalinusa. (Sijui dhahabu inanukaje.) Akamwita mama mkwe pembeni. Mama mkwe akamnong'oneza, maana mbele ya mkwe mambo ya kuoga hayasemwi. Karani naye akalitangaza kwa posta nzima:

"Ni jiwe la kusugulia miguu!"

"Mwanangu kaandika kwamba nchi yote imefunikwa na theluji," mama mkwe akajitetea. "Sasa huko miguu anasugulia nini?"

Karani akalipitia tangazo toka juu mpaka chini kwa kidole. Jiwe halimo. Samli ya ng'ombe wetu hairuhusiwi, jiwe ruksa! Akaandika: jiwe, moja. Akapima uzito, akapiga hesabu, nikalipa, akanirudishia mzigo. "Sasa kashone. Upesi, dereva yuko nje anawasha gari."

Nikaenda kwenye benchi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo nilipojimaliza. Benchi ni moja, na mama mkwe alikuwa amekaa ncha ile. Ningekaa kuelekea mwangani, ningemtazama usoni. Kwa hiyo nikampa mgongo, nikaelekea kwenye kona yenye giza. Heshima hiyo! Kitambaa kilikuwa kimepungua kwa sababu ya ule wembe, hakifiki vizuri, nakivuta huku kinakimbia kule. Nikakipakata kifurushi mapajani, nikashika sindano ya magunia aliyonipa karani. Dereva akapiga honi. Nikashona. Akapiga tena. Nikashona kwa hasira. Sindano ilikuwa inapita kwenye kitambaa kinene, nikasema moyoni, ndiyo, hii ndiyo kazi imara.

Karani akaona nitamchelewesha. Akatoka dirishani na mshumaa na lakiri, ile nta ya kufungia vifurushi, mkononi. "Usitikisike," akasema. Akanidondoshea lakiri kwenye mshono palepale mapajani, akaigonga muhuri wa posta. Tone, muhuri. Tone, muhuri. Kazi safi. Akakiinua kifurushi.

Nikainuka nacho.

"Achia," akasema.

"Nimeachia."

"Mzee, achia!"

"Karani, nimeachia! Mikono yangu hii hapa!"

Nikainua mikono yote miwili juu, na kifurushi bado kimenishika. Tukatazama chini pamoja. Marinda yangu, yale ya upande wa kulia, yameingia kwenye mshono wa kifurushi cha mama mkwe toka mwanzo hadi mwisho. Nimejishonea Bulgaria. Mimi! Fundi! Mtu anayewacheka wengine wakikosea pindo!

"Kata uzi," nikamwambia.

"Uzi haukatwi. Lakiri ikishagongwa muhuri hairuhusiwi. Ukikata, tunafungua, tunakagua upya, tunaandika upya."

Honi.

"Gari linaondoka," akasema mama mkwe nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hakumwambia mtu yeyote. Alijisemea tu, maskini, kama mtu anayemwona mwanawe anaingia kwenye basi lisilo lake.

Sasa ninyi mngefanya nini? Kuna vitu viwili pale vinavyoweza kukatwa. Kimoja kina muhuri wa serikali. Kingine nimekivaa.

"Lete mkasi," nikasema.

Karani akakata. Alikata kwa uangalifu, namshukuru, maana hapo si mahali mwanaume anapenda mkasi uteleze. Kifurushi kikatoka. Na kwa mbele, kuanzia kiunoni kwenda chini, ukabaki mlango wazi.

Nisingejali sana. Lakini mwaka huu kitambaa hakipatikani, ninyi wenyewe ni mafundi mnajua, na chupi yangu niliishona kwa mfuko wa unga. Mfuko mzuri, mgumu, unadumu. Mama Kulwa alishaniambia maandishi niyaweke ndani. Nikamwambia, nani atayaona?

Mzee wa kofia ya pama akavaa miwani yake. Akasogea. Akasoma taratibu, kama yuko kisomo cha watu wazima:

"WE-KA... MA-HA-LI... PA-KA-VU."

Posta ikalipuka. (Na vinavyolipuka vimekatazwa!) Watu wakashikana mabega. Mama mkwe kajifunika uso. Mimi nimejiziba kwa chupa ya samli, na chupa ya samli, jamani, inaonyesha mpaka upande wa pili.

Mtu mmoja tu hakucheka. Karani. Alikuwa anakitazama kifurushi, kalamu mkononi.

"Hiki kipande cha suruali hakimo kwenye fomu," akasema.

"Karani, Mungu anakuona."

"Lazima kiandikwe. Kipande cha suruali, kimoja, kimetumika. Sasa niandike ni cha nini? Biashara, sampuli, au zawadi?"

Kweli, ni cha nini? Honi ikalia, ndefu, ile ya mwisho. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, na safari hii haikutetemeka:

"Andika zawadi. Zawadi kutoka kwa mkwe wangu."

Mkwe wangu. Si huyo fundi. Nimesimama pale, watu wote wanayatazama maandishi ya unga, na nawaambia kweli, nilisahau hata kujiziba. Karani akaandika, akatoka mbio na kifurushi, tukasikia mlango wa gari unafungwa, gari likaenda zake Isaka.

Kisha kitu laini kikaniangukia begani. Khanga. Ile ya juu, ya mama mkwe mwenyewe.

"Jifunge, Baba Kulwa," akasema. "Twende nyumbani."

Kwa mdomo wake! Kwangu mimi! Sikugeuka. Nikajifunga, nikatangulia. Nimepita sokoni hivi hivi, mnavyoniona, chupa ya samli mkononi, na nyuma yangu, kwa ule ule umbali wa heshima, mama mkwe anacheka. Anacheka, anatulia, anafuta macho, anaanza upya. Sikuwahi kuisikia sauti ya kicheko chake. Ni kama ya Mama Kulwa kabisa.

Sasa yuko ndani, anamsimulia binti yake, msikieni wanavyocheka. Samli kasema ipikiwe mboga yangu. Khanga ndiyo hii, na kumrudishia mkononi siwezi, kukaa nayo pia siwezi, kwa hiyo mmoja wenu ataipeleka.

Lakini acheni kunicheka. Atakayecheka nitamsemea kwa mama mkwe. Siku hizi tunaongea.